Meza ya msasa inayonyonya vumbi kwa karakana ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, Dar es Salaam. Natengeneza vitanda, meza za chakula na viti. Meza ya msasa ninayotumia sasa ni ya tatu. Mbili za kwanza zilishindwa, na nimeeleza kwa nini katika swali la 7 na la 13 ili usirudie makosa yangu. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila mara na mafundi wenzangu na watu wanaofanya useremala wikiendi. Vipimo vya mfano ni vya meza yenye uso wa sentimita 60 kwa 80.

## Mambo ya msingi

1. Meza ya kunyonya vumbi ni kitu gani hasa?

Ni sanduku lenye miguu. Uso wake umejaa matundu, na chini yake kuna blowa inayovuta hewa. Unaweka ubao juu ya matundu, unapiga msasa, na unga unavutwa chini kabla haujapanda usoni kwako. Ndani ya sanduku unga mzito unaanguka, mwepesi unanaswa na kichujio au unatolewa nje.

Watu wakisikia "inanyonya" hufikiria mvuto mkali kama ule wa vakyumu kwenye zulia. Meza haifanyi hivyo. Inatengeneza mkondo mpana wa hewa unaoshuka taratibu, na vumbi jepesi linaufuata kama majani makavu yanavyofuata maji ya mtaro. Kwa hiyo unatafuta hewa nyingi kuliko nguvu nyingi. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata utayaelewa bila shida.

2. Mimi hupiga msasa nje, chini ya mwembe. Kwa nini nijisumbue?

Nje ni bora kuliko chumba kisicho na dirisha, hilo sikatai. Lakini angalia mikono yako unapofanya kazi: uso wako uko karibu nusu mita kutoka kwenye ubao. Wingu linakufikia kabla upepo haujalichukua, na upepo wenyewe hubadilika. Masika ikifika, unarudi ndani upende usipende.

Mimi nilianza kulichukulia jambo hili kwa uzito siku mke wangu alipofua chandarua cha watoto. Dirisha la chumba chao linatazama karakana. Maji ya beseni yalitoka mekundu-kahawia, rangi ileile ya mninga niliyokuwa nikipiga msasa wiki nzima. Nilikuwa nimefanya kazi nje, mita saba au nane kutoka pale.

3. Unga wa mbao una ubaya gani? Si kitu cha asili?

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya ndani ya pua na mianya yake, na ushahidi mkubwa ulitoka kwa watu waliofanya kazi ya samani kwa miaka mingi, hasa wa mbao ngumu.

Kabla ya kufika huko kuna madhara ya kila siku. Vumbi la mvule huwasha ngozi na macho na huweza kuleta pumu. Mninga unafunga kifua kwa baadhi ya watu, na mkongo unapigisha chafya. Mpingo na jamii yake huwatoa baadhi ya mafundi vipele mikononi na shingoni. Mwili unaweza kuvumilia miaka kadhaa halafu ghafla ukakataa, na ukishakataa, hata harufu ya mti ule inatosha kukuletea shida.

MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ina hatari mbili kwa pamoja. Unga wake ni laini kupita kiasi, na gundi yake huwa na fomaldihaidi, kemikali ambayo nayo imo katika kundi hilohilo la kwanza.

Unga unaoonekana sakafuni ndio wenye madhara kidogo. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe zilizo chini ya mikroni 10 zinapita puani na kooni, na zile ndogo zaidi zinafika chini kabisa mapafuni. Chembe ya mikroni 10 huchukua dakika kadhaa kushuka kutoka usawa wa pua hadi sakafuni. Ya mikroni 2 au 3 inaweza kuelea saa nzima na zaidi kama hewa imetulia, maana yake umezima mashine, umevua barakoa, umekaa kunywa chai, na bado unaivuta.

4. Nikiwa na meza, bado nivae barakoa?

Ndiyo. Meza inapunguza vumbi, haimalizi kazi peke yake. Vaa N95 au FFP2 inayobana vizuri kuzunguka pua na kidevu. N95 hunasa angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, lakini kwa sharti kwamba hewa haipiti pembeni. Ndevu ndefu huharibu mbano huo. Barakoa za buluu za hospitali zinavuja mashavuni, na leso haifai kwa vumbi hili.

5. Mashine yangu ya msasa ina mfuko wake wa vumbi. Sina haja ya meza, siyo?

Inategemea kazi yako. Ule mfuko mdogo wa kitambaa unanasa unga mkubwa na kupitisha ule mlaini, yaani kinyume cha unachotaka. Ukiuvua na kuunganisha bomba la vakyumu moja kwa moja kwenye mdomo wa mashine, vumbi linanaswa palepale linapozaliwa. Kwa mbao bapa, hiyo ni njia bora kuliko meza yoyote, nami nasema hivi wakati nimejenga meza tatu.

Meza inakuwa na faida kwenye yale ambayo bomba haliwezi: msasa wa mkono, kingo, miguu ya viti iliyochongwa, nakshi, vipande vidogo, na kupiga msasa kati ya mkono (tabaka) mmoja wa vanishi na mwingine. Kama kazi yako yote ni mbao bapa na mashine yako ina mdomo wa bomba, nunua vakyumu kwanza.

## Blowa na hewa

6. Naweza kutumia vakyumu kuendesha meza?

Kwa meza ndogo sana, ndiyo. Vakyumu ina mvuto mkali lakini inapitisha hewa kidogo, mara nyingi chini ya mita za ujazo 200 kwa saa. Hiyo inatosha uso wa sentimita 30 kwa 35 hivi, yaani kipande kisichozidi karatasi ya A3. Kwa mtu anayetengeneza vijiko vya mbao, visanduku au fremu za picha inatosha kabisa. Kwa mlango wa kabati haitoshi. Sababu iko kwenye hesabu ya swali la 9.

7. Na feni ya kawaida, ya mezani au ya ukutani?

Hapana. Meza yangu ya kwanza ilikuwa ya feni ya mezani iliyolazwa chini ya sanduku, na foronya kuukuu ikiwa kichujio. Ikiwa tupu ilivuta vizuri. Nilipoweka foronya hewa ilikaribia kusimama, na wiki ya pili mota ilitoa harufu ya kuungua.

Feni ya mapanga inasukuma hewa nyingi pale tu isipozuiwa. Ukiiwekea kizuizi mbele, iwe matundu madogo au kitambaa, inazunguka bure, na mota iliyozoea kupozwa na hewa hiyo inapata joto. Video nyingi za Marekani zinaonyesha feni pana ya mraba yenye kichujio kipana cha mikunjo. Zinafanya kazi kwa sababu kichujio chao ni kikubwa na kinapitisha hewa kirahisi. Kwetu vichujio hivyo ni vigumu kupata, na feni tulizonazo si za umbo hilo.

8. Sasa blowa gani inafaa, na naipata wapi kwa bei nafuu?

Tafuta ile yenye umbo la konokono: hewa inaingia ubavuni, inatokea kwenye mdomo mmoja. Hiyo haikati tamaa ikiwekewa kichujio.

Niliyo nayo mimi ilikuwa ya jumba la kupulizwa, yale majumba ya plastiki wanayorukia watoto kwenye sherehe na ufukweni. Wakodishaji hubadilisha blowa zao mara kwa mara, na zile za zamani zinapatikana kwa mafundi wa mota. Ina mota isiyo na brashi za kaboni zinazotoa cheche, na imezoea kufanya kazi saa nyingi mfululizo. Kabla ya kununua, ondoa wavu wa mdomo wa kuingizia hewa uone kama unaweza kufunga hapo kipande cha plaiwudi. Izungushe kwa mkono pia: ikikwaruza, beringi zimekwisha.

Blowa za kubebeka za kutolea hewa kwenye matangi na mashimo, zenye umbo la ngoma, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa na zinapitisha hewa nyingi. Lakini nyingi ni za mapanga, kwa hiyo zitumie tu kama unatoa hewa nje bila kichujio. Blowa ya mhunzi ni ndogo mno. Ya gari, ile ya kipupwe, inataka volti 12 na chaja kubwa, na usumbufu wake hauna malipo.

9. Nitajuaje kama blowa inatosha meza yangu?

Chukua urefu mara upana wa uso wenye matundu, kwa mita. Zidisha kwa 0.5, ambao ni mwendo mdogo kabisa wa hewa unaofaa, nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3,600 upate mita za ujazo kwa saa. Meza yetu: 0.6 × 0.8 = 0.48. Mara 0.5 ni 0.24. Mara 3,600 ni 864.

Kibandiko cha blowa nyingi kimeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika. CFM moja ni mita za ujazo 1.7 kwa saa, kwa hiyo tunahitaji kama CFM 510. Namba ya kibandiko hupimwa blowa ikiwa haijafungwa kitu, na ukishaweka matundu na kichujio inashuka sana. Mimi naongeza nusu: tafuta iliyoandikwa CFM 750 hivi, au mita za ujazo 1,300.

Kama blowa uliyopata ni ndogo, usilazimishe. Punguza meza. Uso wa sentimita 40 kwa 50 unataka mita za ujazo 360 tu, na meza ndogo inayovuta ina faida kuliko kubwa inayopamba karakana.

## Kujenga

10. Nahitaji vifaa gani?

Shiti mbili za plaiwudi za futi 4 kwa 8, unene wa milimita 12, zinatosha sanduku, uso na kuta za pembeni. Ongeza mbao za 2 kwa 2 kwa miguu, skrubu, gundi nyeupe, tyubu mbili za silikoni, ukanda wa sponji wa kuzibia milango, bawaba mbili, komeo moja, blowa, na kichujio kimoja au viwili vya lori (swali la 14). Mabaki ya kazi nyingine yanafaa sehemu nyingi. Fedha yako ipeleke kwenye blowa. Hakuna haja ya mbao nzuri hapa.

11. Meza iwe na urefu gani?

Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Kwa watu wengi inatoka kati ya 85 na 95. Ukiinama kupiga msasa, mgongo unalalamika na pua inasogea karibu na unga, hivyo usikadirie kwa jicho.

12. Matundu yawe mangapi, na makubwa kiasi gani?

Mimi nimetoboa kwa biti ya milimita 12, kila tundu likiwa sentimita 3 kutoka kwa jingine katikati hadi katikati, na nimeacha sentimita 5 pembeni kote. Hiyo inatoa safu 17 kwa 24, matundu 408. Jumla ya uwazi wake ni sentimita za mraba 460 hivi. Kanuni ninayofuata ni kwamba uwazi wa matundu yote usipungue mara mbili ya mdomo wa blowa. Matundu yakiwa madogo mno, blowa inakosa hewa. Yakiwa makubwa mno, skrubu na vipande vya msasa vinadumbukia ndani.

Kutoboa mia nne ni kazi ya asubuhi moja. Chora mistari kwa penseli na rula ndefu, piga alama kila makutano kwa msumari, na weka ubao wa kutupa chini ya plaiwudi na ubane vizuri, la sivyo upande wa chini utachanika na mabanzi. Badilisha mkono, pumzisha drili. Ukimaliza, zungusha biti kubwa kidogo juu ya kila tundu ili kingo zisikwaruze kazi yako.

Wengine hupanga mabanzi ya mbao yakiachana sentimita moja badala ya kutoboa. Inafanya kazi na ni haraka, lakini vipande vidogo vinapotelea humo.

13. Ndani ya sanduku kuna nini?

Hapa ndipo meza yangu ya pili ilipokufa. Niliunganisha blowa nzuri kwa bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa mita mbili na viwiko viwili. Piga hesabu: mita za ujazo 864 kwa saa kupita kwenye bomba la inchi 4 kunataka hewa ikimbie karibu mita 30 kwa sekunde. Blowa ya bei nafuu haiwezi. Nilipata labda theluthi ya hewa niliyotarajia, na nikailaumu blowa wiki mbili nzima.

Kwa hiyo funga blowa moja kwa moja kwenye sanduku. Kama lazima uwe na bomba, tumia inchi 6 au zaidi, fupi, na kiwiko kimoja tu.

Sanduku ligawe mara mbili. Sehemu ya juu, chini ya matundu, iwe na sakafu yenye mteremko: sentimita 10 upande mmoja, 20 upande mwingine, na upande wa chini acha uwazi mpana wa kupitisha hewa na unga kwenda chumba cha chini. Mteremko unafanya hewa igawanyike vizuri zaidi, badala ya yote kupita kwenye matundu ya upande wa blowa. Chumba cha chini ndicho chenye kichujio, blowa na mlango wa kutolea unga.

Ziba kila kiungo kwa silikoni, na mlango uweke sponji. Mwanya wa milimita mbili kuzunguka mlango wa sentimita 40 kwa 40 ni uwazi wa sentimita za mraba 32, sawa na matundu 28. Hewa itapita hapo kwa sababu ni rahisi.

Mwisho, ongeza kuta tatu fupi juu ya meza, nyuma na pembeni, za sentimita 30, ambazo zinaondolewa. Zinazuia upepo wa dirishani na kukamata unga unaorushwa na mashine. Ni vipande vitatu tu vya plaiwudi, na kwangu vilileta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichoongeza baadaye.

14. Kichujio nikipate wapi? Au nitoe hewa nje tu?

Ukiweza, fanya vyote viwili. Ramani nyingi za mitandaoni zinarudisha hewa ndani ya chumba kwa sababu zinatoka nchi zenye baridi, ambako kutoa hewa nje ni kutupa joto lililolipiwa. Dar, Mombasa au Tanga huna joto la kulinda. Elekeza mdomo wa blowa dirishani au kwenye tundu la ukuta. Kwa MDF hili ni la lazima, kwa sababu mvuke wa fomaldihaidi unapita kwenye kichujio chochote cha karatasi.

Kichujio kinachopatikana kila mji ni cha hewa cha lori, kile cha mviringo chenye karatasi ya mikunjo. Kinapitisha hewa ya kutosha: injini ya lita 8 isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) ikizunguka mara 2,500 kwa dakika inameza karibu lita 10,000 za hewa kila dakika, yaani mita za ujazo 600 kwa saa. Kichujio kimoja cha lori kubwa lenye tabo kinatosha meza yetu. Vya lori dogo weka viwili.

Kisimamishe kwenye chumba cha chini, mdomo wake ulio wazi ukiwa juu ya tundu la blowa, na upande wa juu uzibwe kwa kipande cha plaiwudi na fimbo ya nati. Hewa iingie kutoka nje ya kichujio kwenda ndani, kama kwenye injini. Unga unabaki upande wa nje na kudondoka sakafuni.

Gereji hutupa vichujio vilivyotumika. Unaweza kuchukua, ila kagua kwanza: usiku au kwenye giza, ingiza tochi ya simu ndani yake na uzungushe taratibu. Ukiona nukta ya mwanga mkali, karatasi imetoboka, kiache. Chenye mafuta pia kiache. Na ukumbuke kwamba kimetengenezwa kulinda injini. Chembe ndogo kabisa nyingine zinapita, ndiyo maana nasisitiza kutoa hewa nje hata ukiwa nacho.

15. Umeme je?

Blowa ya kilowati 1.1 inatumia uniti moja na kidogo kwa saa, kwa hiyo LUKU haitakuumiza. Hakikisha soketi ina waya wa ethi na saketi ina breka inayokata umeme ukivuja. Waya wa ekstensheni ukunjue wote. Ukiuacha umejiviringa unapata joto. Swichi iweke mbele ya meza, sio nyuma, uweze kuizima bila kunyoosha mkono juu ya kazi. Kama hujui kuunga waya, mlipe fundi umeme saa moja ya kazi yake.

## Kutumia na kutunza

16. Nitajaribuje kama meza inavuta vya kutosha?

Washa dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo, au kipande cha ubani. Shika moshi sentimita 10 juu ya uso, katikati na kwenye kila pembe. Moshi ukipinda na kushuka kila mahali, meza ni nzima. Ukishuka upande wa blowa tu, mteremko wa sakafu hautoshi au kuna mwanya. Ukipanda kila mahali, rudi swali la 9. Fanya jaribio hili kabla ya kupiga msasa wowote, sanduku likiwa safi, na usiuachie moto karibu na unga.

Baada ya kazi, zima taa jioni, washa tochi ikimulika kwa upande, utazame hewani. Utaona mwenyewe kilichobaki.

17. Ubao ni mdogo kuliko meza, au mkubwa. Nifanye nini?

Mdogo: funika matundu yasiyotumika kwa kadibodi au kipande cha hadibodi, hewa ikusanyike pale unapofanya kazi. Mkubwa unaoziba matundu yote: uinue kwa vijiti vya sentimita 2 ili hewa ipite chini yake na kuvuta kutoka kingoni, kisha usogeze kidogo kidogo. Uso wa meza ya chakula mzima haufai kwenye meza hii. Kwa huo tumia njia ya swali la 5.

18. Ubao unateleza.

Kata tyubu ya baiskeli kuwa mikanda, gundisha kati ya safu za matundu.

19. Nguvu imepungua baada ya wiki chache. Shida ni nini?

Karibu kila mara ni kichujio. Kitoe nje, vaa barakoa, kigonge taratibu ardhini, kisha pulizia hewa ya upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Usikioshe kwa maji, karatasi itaharibika. Kama bado, angalia sponji ya mlango na mapezi ya blowa. Mimi nasafisha kila Jumamosi nikiwa na kazi nyingi, na nimebandika kipande cha uzi mdomoni mwa blowa: ukianza kulegea, najua wakati umefika.

20. Ule unga nitupe wapi?

Tia kwenye mfuko, ufunge, uutupe. Usimwagie kuku kama matandiko: unga laini unawaumiza njia ya hewa kama unavyokuumiza wewe, wao wape maranda ya randa ya mbao laini. Wa mbao tupu unaweza kuchanganya kidogo kwenye mboji. Wa MDF na plaiwudi usiuweke shambani wala usiuchome jikoni, kwa sababu ya gundi.

## Mambo ya pembeni

21. Naweza kusaga chuma au kunoa patasi juu yake?

Hapana kabisa. Cheche moja ikianguka kwenye unga mkavu uliochanganyika na hewa inayokimbia, moto unaweza kuanza kimyakimya ndani ya sanduku na wewe usiuone hadi usiku. Ubao wa zamani utoe misumari kabla ya kuweka mashine. Na sanduku lisilale na unga ndani.

22. Na kupulizia vanishi au rangi?

Hapana pia. Kichujio cha karatasi hakizuii mvuke wa tina (ile ya kuyeyushia rangi), na mota ya kawaida haikutengenezwa kufanya kazi ndani ya mvuke unaowaka. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivitupe ndani ya sanduku hilo. Vikirundikana huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe. Vianike vimetandazwa nje.

23. Jirani analalamika hewa yangu inampelekea vumbi.

Ana haki. Weka kichujio hata kama unatoa nje, elekeza mdomo juu au upande usio na nguo za kuanika, na piga msasa saa ambazo madirisha yake yamefungwa. Mwambie mapema. Kelele nazo zinapungua ukiweka kipande cha godoro la sponji ndani ya kuta za chumba cha blowa, mbali na mota.

24. Nina vijana wawili wanaonisaidia. Kuna sheria inayonihusu?

Ipo. Tanzania Bara kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya wana yao ya mwaka 2007. Mwajiri, hata mdogo, anawajibika kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Vijana wengi watasema wamezoea. Wape barakoa zao wenyewe, na wewe uvae yako mbele yao.

25. Jenereta ndogo inaweza kuiendesha?

Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Jenereta ya kilowati 1 haitaiamsha blowa ya 1.1. Anzia kilowati 3, washa blowa kwanza, kisha mashine ya msasa.

26. Naishi nyumba ya kupanga, nina veranda tu. Nifanyeje?

Jenga sanduku la kuweka juu ya meza nyingine, uso wa sentimita 40 kwa 50, kina cha 15 hadi 20, na blowa ndogo ya konokono iliyofungwa ubavuni ikielekezwa nje ya veranda. Halina miguu, linabebwa na mtu mmoja, na likimaliza kazi linasimamishwa ukutani nyuma ya mlango. Matundu yake, kwa nafasi ile ile ya sentimita 3 na ukiacha sentimita 4 pembeni, ni 165 tu, 11 kwa 15. Kichujio cha hewa cha gari dogo cha mraba kinafaa kama utaweka viwili sambamba. Kabla ya kuanza msasa funga mlango wa chumba, na toa chandarua kama kitanda kiko karibu na dirisha.